Swingamu ya Honda CG 125 yangu, na fundi wa Ngamiani aliyekataa kuichomelea

Wanaonicheka kwa kung'ang'ania pikipiki ya zamani, Honda CG 125, waendelee tu. Niliachiwa na baba mdogo, na injini yake haijawahi kunilaza njiani. Valvu zake zinasukumwa na vijiti, cheni ya taimingi haina, cha kuharibika ni kidogo. Kilichonitoa jasho ni chuma cha nyuma.

Nilikuwa natoka Muheza na magunia mawili ya machungwa (najua, msinigombeze) nikahisi mkia unacheza kila nikilala kona. Nikajaza upepo, wapi. Kijana mmoja wa kijiweni akainama, akachungulia, akasema, "Kaka, swingamu imepasuka hii." Swingamu ni ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma na kuliunga na fremu. Ufa ulikuwa chini ya pale shokapu inapofungwa, urefu wa kidole gumba.

Nikafanya kama wafanyavyo wengi. Nikaenda kwa mchomeleaji wa jirani, sh 10,000, dakika 20, hata tairi hakulitoa. Betri nayo aliiacha imeunganishwa. Wiki tatu baadaye ufa ukarudi, safari hii pembeni ya mshono wake, pale chuma kilipochomwa na moto kikabaki chembamba.

Ndipo nikapelekwa kwa fundi mmoja mzee kule Ngamiani, hapa Tanga, kwenye barabara za namba. Shikamoo, marahaba, bei hakuitaja. Alifungua tairi, cheni na shokapu zote mbili, akachukua spana akaanza kuugonga ule mkono polepole toka mbele kwenda nyuma. Upande wa kushoto ulilia kama kengele ya baiskeli. Wa kulia ukajibu kama debe la unga. Akauinamisha, ikamwagika kutu ya kahawia kiganja kizima. Kumbe kitundu cha chini cha kutolea maji kilizibwa na tope na grisi miaka na miaka, na hewa yetu hii ya chumvi ikawa inakula kwa ndani huku nje nang'arisha rangi.

Kisha akaupaka mafuta ya taa, akaufuta ukakauka, akaupakaza unga wa chaki. Tukangoja. Mafuta yaliyojificha ndani ya nyufa yakaanza kurudi juu, yakachora mistari kwenye chaki. Mimi nilijua ufa mmoja, ikatokea mitatu. Nikamuuliza kama hatuwezi kupiga bati juu yake.

"Mwanangu, kuchomelea kutu ni kumshonea marehemu kanzu ya Idi."

Nikanunua mpya ya Kichina hapa hapa mjini, sh 45,000. Wachina wameinakili CG miaka nenda rudi, na muuzaji aliapa ni ileile. Mzee akatoa kipimo chake: pale inapopita bolti kubwa ya kuifunga kwenye fremu ilikuwa nyembamba kwa milimita 4. Muuzaji akasema tia washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu, kujaza nafasi. Mzee akakataa katakata, kwamba washa zikijaa upande mmoja tairi linahama, cheni inakwenda mshazari na kula meno ya sproketi. Nikairudisha, kwa ugomvi kidogo.

Iliyokubali ni orijino ya mtumba kutoka Kariakoo, sh 70,000, ikaja na basi hadi stendi ya Kange ndani ya kiroba. Hiyo nayo ilipigwa spana na kupakwa chaki kabla ya kuruhusiwa kukaribia pikipiki.

Kazi ngumu ilikuwa bolti kubwa. Ilikuwa imegandana na bushi, zile pete inazopita ndani yake, ikalala na dizeli usiku kucha, asubuhi ikatoka kwa nyundo huku imepinda. Mzee hakukubali nikachongeshe nyingine kwa chuma cha kuokota, tukanunua. Bushi mpya alizisukuma kwa jiliwa, kile chombo cha kubania vyuma, bila kuzigonga. Nati ya mwisho hakuikaza pikipiki ikiwa imening'inia. Aliishusha chini, akanikalisha juu yake, ndipo akakaza, maana bushi ni za mpira, na ukizikaza mkono umening'inia zinabaki zimesokoteka kila unapopanda. Akamalizia kwa uzi, toka tairi la nyuma hadi la mbele, kulia na kushoto, mpaka matairi yakaongozana.

Ufundi sh 25,000. Ukiongeza bushi, bolti na nauli ya mzigo, nilipita laki moja. Kwa wanaopenda "Tanga, waja leo waondoka leo", kwa mzee huyu sahauni: waja leo, waondoka siku ya nne. Risiti hana. Rangi aliipaka kwa brashi, ile nyeusi ya mageti, na mafuta ya kuzuia kutu kwa ndani hakutia hadi nilipomkumbusha.

Tangu hapo nimekwenda Pangani na kurudi, mama watoto nyuma, barabara mnaijua ilivyo. Mkia umetulia tuli, hata breki ya nyuma naisikia inashika vizuri zaidi. Nampa nyota nne. Ya tano ataipata siku akinirudishia bolti ya kava la cheni, kwa sababu mpaka leo nimelifunga kwa waya.