Taa za mita kwenye pikipiki kuukuu: ununue ipi, uache ipi dukani

Ukivuka daraja la Sabaki usiku kuelekea Mambrui na Gongoni, unabaki na taa yako ya mbele tu. Kwa mwenye pikipiki ya miaka mingi, ndipo anapotambua kuwa mshale wa mwendo hauonekani, geji ya mafuta ni ya kukisia, na ile taa ya kijani ya nyutro imefifia hata hujui kama gia imeingia. Kesho yake asubuhi anapitia duka la spea Malindi mjini na kuomba balbu ya LED kali kuliko zote. Nakusihi usianzie hapo. Mwanga wa mita hupotea kwa sababu nyingi, na balbu mara nyingi ndiyo ya mwisho kulaumiwa.

Kabla hujatoa pesa

Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za mita zikiwaka, zinalishwa na betri. Zikikaa giza mpaka injini ingurume, kisha zikazidi kung'aa kila ukivuta mafuta, zinalishwa moja kwa moja na magneto, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, na umeme wake hugeuka pande kila mara. Pikipiki nyingi ndogo za zamani zina mchanganyiko: nyutro na indiketa ni za betri, taa za kumulika mita ni za magneto. Zipime moja moja, maana jibu ndilo linaloamua ununue nini.

Pili, fungua mita yenyewe. Hewa ya bahari yetu haina huruma na shaba. Kwenye vishikio vya balbu utakuta ukungu wa kijani, na kwa pikipiki zinazolala karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hali huwa mbaya zaidi. Kutu hiyo hula volti, na balbu ya waya, ile ya kizamani yenye uzi unaowaka ndani ya kioo, haivumilii hata kidogo: ikikosa sehemu moja tu ya kumi ya volti zake, inapoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Sugua vishikio kwa msasa laini, kaza waya wa athi (unaorudisha umeme kwenye upande hasi), kisha paka vaselini kidogo kuzuia chumvi isirudi. Kama taa zako ni za betri na fundi ana multimita, kile kipimo cha umeme, awashe taa, apime kati ya athi ya balbu na nguzo hasi ya betri. Akisoma zaidi ya nusu volti, shida ni athi, na hakuna balbu itakayoiponya.

Ukiwa bado umeifungua, tazama ukuta wa ndani. Ulipakwa rangi nyeupe ili urudishe mwanga kwenye uso wa mita, na kwa miaka umegeuka manjano au umebabuka. Rangi nyeupe ya kopo dogo inarudisha mwanga mwingi kwa pesa kidogo sana. Kioo cha plastiki kilichopauka kwa jua kisugue kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Wengine wakifika hapa wanaona hawahitaji kununua chochote.

Toa balbu ya zamani uende nayo dukani

Usiende na jina la pikipiki peke yake. Pikipiki mbili za jina moja, za miaka tofauti, zaweza kuwa na balbu tofauti. Balbu za kuchomeka zisizo na kitako cha chuma huitwa kwa upana wa kioo chake: T10 ni milimita 10, T6.5 ni milimita 6.5, T5 ni milimita 5. Zile za kusukuma na kuzungusha, zenye chuma na vijipini viwili ubavuni, kitako chake ni milimita 9 na huandikwa BA9s. Soma pia volti: pikipiki za zamani sana ni za volti 6, na balbu ya volti 12 humo itawaka kama kaa la moto linalozimika.

Nafasi ya kwanza kwa wenye taa za betri: LED ya mwanga wa joto (wa umanjano), inayomulika pande zote

Tazama umbo kabla ya ukali. Balbu ya waya hutupa mwanga kila upande, na mita ilichorwa kwa kutegemea hilo. LED nyingi za bei rahisi zina jicho moja kichwani, kwa hiyo unapata doa jeupe katikati ya mita na giza kwenye namba za pembeni, ambazo ndizo unazozitaka. Chagua yenye vijicho ubavuni, au yenye kuba la plastiki ya maziwa juu yake.

Rangi ndiyo inayogombanisha wanunuzi na wauzaji. Muuzaji atakuonyesha nyeupe ya kibuluu kwa sababu inang'aa sana mchana kwenye kaunta. Usiku kwenye barabara isiyo na taa, jicho lililozoea giza linaumizwa na mwanga huo, na kulizoea giza tena kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Kila ukiinua macho kutoka kwenye mita, mbuzi aliye pembeni mwa lami unamwona ukiwa umechelewa. Mimi husimama upande wa mwanga wa joto, ule ulioandikwa 2700K hadi 3000K, na wa kiasi. Ukiweza kusoma namba kwa mtupo mmoja wa jicho, unatosha.

Kama ndani ya mita kuna kofia ya rangi, kijani au buluu, fuata rangi hiyo. LED nyekundu nyuma ya kofia ya kijani haitoi karibu chochote. Kwa kofia ya buluu, hapo tu ndipo nyeupe ya kawaida inapoishinda ile ya joto, kwa kuwa mwanga wa joto una buluu kidogo.

LED ina upande wa chanya na hasi. Ya kuchomeka ikikataa kuwaka, itoe, igeuze, irudishe. Ya kuzungusha haigeuziki, kwa hiyo ulizia ile isiyochagua pande.

Faida nyingine ni betri. Balbu tatu za wati 3.4 zinakula zaidi ya wati 10. LED tatu za kiasi mara nyingi hazifiki wati 3. Kwa bodaboda anayesimama taa zikiwaka akisubiri abiria, hiyo ni nafuu ya kweli.

Nafasi ya kwanza kwa wenye taa za magneto: balbu mpya ya waya, wati zilezile

Hapa sifuati mkumbo. Kwenye umeme wa magneto, LED ya kawaida hupepesa injini ikiwa taratibu, na regulata, kifaa kinachodhibiti volti, ikichoka, volti hupanda na kuiua LED mapema. Balbu ya waya haijali umeme unageuka upande gani. Ile ya zamani huwa imejaa weusi ndani ya kioo, na mpya inaleta tofauti unayoiona papo hapo. Usiongeze wati ukidhani unaongeza akili: balbu ya wati 5 mahali pa wati 1.7 huyeyusha kishikio na kupinda uso wa mita. Ukitaka LED lazima, fundi akuhamishie waya za taa za mita kwenye laini ya betri inayopita swichi na fyuzi.

Taa za ishara zina mambo yake. Pikipiki yenye taa moja tu ya indiketa kwenye mita kwa pande zote mbili huwa imeiunganisha kati ya waya wa kulia na wa kushoto. Ukiweka LED inayochagua pande, itawaka upande mmoja tu. Iache ya waya. Na wachache wenye BMW za zamani za silinda mbili wasiguse balbu ya chaji (ile taa ya kuonyesha kama betri inachajiwa), maana jenereta inaitegemea kuamka.

Nafasi ya pili: mita nzima ya aina ileile

Inafaa pale uso umepasuka au namba zimefutika kabisa. Linganisha ncha ya kebo, na pia uwiano wa mwendo, yaani kebo huzunguka mara ngapi kwa kilomita. Mita ya pikipiki nyingine yaweza kuingia vizuri ikakudanganya unakwenda 40 nawe umepita 50, ambayo ndiyo ukomo wa mjini. Andika kilomita za mita ya zamani mahali, mnunuzi wa baadaye atazihitaji.

Nafasi ya tatu: mita ya kidijitali ya kubandika

Ni nzuri kwa macho, lakini lazima uingize kipimo cha mzingo wa gurudumu lako, na geji ya mafuta haiendani na kila tangi. Jua la mchana la Malindi huzima skrini nyingi za bei ya chini. Itoe nje ya duka, iwashwe juani, ndipo uamue.

Ya mwisho: mkanda wa LED wa kubandika

Mkanda unaozungushiwa mita kwa nje humulika uso wako badala ya namba, gundi yake huachia kwa joto, na mara nyingi waya wake huunganishwa bila fyuzi. Sikushauri.

Chochote utakachochukua, mwambie muuzaji akijaribu kwenye betri yake mbele yako, na fundi asifunge mita mpaka umeiona ikiwaka injini ikiwa taratibu na ikiwa juu.