Panadol Extra: pakiti nyekundu ya mezani kwangu

Mimi ni fundi cherehani, na msimu wa Idi kichwa huanza kunigonga mchana, hasa nikishona kitambaa cheusi. Panadol Extra ndiyo inayonifaa. Kila kidonge kina parasetamoli miligramu 500, sawa na Panadol ya kawaida, ila kimeongezewa kafeini miligramu 65. Nyongeza hiyo ndiyo ninayoilipia. Nameza viwili na bilauri nzima ya maji, nafumba macho, na baada ya nusu saa hivi naweza tena kutunga uzi kwenye sindano bila kuilaani.

Usiku siigusi. Kafeini ni kafeini, utakesha ukihesabu mabati.

Angalizo: dawa nyingi za mafua nazo zina parasetamoli. Ukichanganya, unavuka kiwango cha vidonge 8 kwa saa 24 bila kujua, na ini ndilo linaloumia. Na jamani, tusizimeze kila siku kama karanga. Dawa za maumivu zikizidi, zenyewe huleta kichwa. Kikikuandama, kapime presha na macho. Mimi nilipewa miwani, na sasa pakiti moja inakaa sana.

Nyota nne kati ya tano.