TAHADHARI: "Uduvi wa Hawaii" wanaouzwa mtandaoni hapa Nairobi

Wadau wa matangi ya samaki, kuna muuzaji anazunguka kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook akinadi "uduvi wa Hawaii". Ni wadogo, wekundu, wamo kwenye mtungi wa kioo uliofungwa, na juu yake unapewa pakiti ya "chumvi ya bahari". Anadai hawalishwi, hawabadilishiwi maji, na wanaishi miaka 20. Jina lake sitaliandika, maana hulibadilisha kila uchao pamoja na laini ya simu. Mtambueni kwa mbinu yake.

Uduvi wa Hawaii wapo kweli. Wanaitwa opae ula, kisayansi Halocaridina rubra, na kwao ni kwenye vidimbwi vya miamba ya volkano ambako maji ya bahari na maji baridi (yasiyo na chumvi) hukutana chini kwa chini. Huyu bwana hauzi hao. Anauza Neocaridina, uduvi wekundu wa maji baridi wenye asili ya Asia Mashariki, ambao huzaana haraka na hivyo ni wa bei nafuu.

Ujanja wenyewe uko hapa: Neocaridina akitiwa kwenye maji ya chumvichumvi hafi papo hapo. Anajikongoja siku kadhaa, rangi inafifia, anaacha kula, kisha wanaanza kulala ubavu mmoja mmoja. Kufikia hapo ile "dhamana ya saa 24" anayokupa imeshapita. Jirani yangu aliyenunua alipompigia aliambiwa amewaua mwenyewe kwa kuchezea maji. Mama wa watu akaamini, akawa yuko tayari kuagiza wengine!

Niliuomba mtungi wa jirani niuangalie. Jike mmoja alikuwa na urefu wa karibu sentimita 3, wakati opae ula hupita sentimita 1 kidogo tu. Ile chumvi nayo ilikuwa nyeupe pe, laini, inatiririka: chumvi ya mezani. Watu hulaumu madini ya joto (iodini) yaliyomo, lakini kasoro kubwa ni yale yasiyomo. Chumvi ya bahari inayotengenezwa kwa matangi ya samaki ina kalsiamu na magnesi, na bila hayo uduvi hushindwa kujivua gamba na kuota jipya.

Kabla ya kulipa, mwombe akupimie kwa haidromita (kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi majini) maji yaliyomo kwenye mtungi. Ya opae ula husoma kama 1.010 hadi 1.015. Yakisoma 1.000, hayo ni maji baridi na uduvi ni wa maji baridi, hata aape vipi. Ukikosa kifaa, dondosha matone mawili kwenye kioo cheusi cha simu ya zamani uyaache yakauke. Maji ya chumvichumvi huacha ukoko mweupe wenye chembe zinazokwaruza kidole, ilhali ya bomba huacha doa hafifu tu.

Na hilo la mtungi uliofungwa tangu siku ya kwanza, hata kwa opae ula halisi, mimi nalihesabu ukatili. Wanachelewa kufa, lakini njaa inawala polepole. Tangi jipya lahitaji wiki 4 hadi 6 bakteria wajijenge na amonia (sumu itokanayo na uchafu) ishuke hadi sufuri, na mwani uanze kuota kwenye mawe, maana ndio chakula chao. Maji yakipungua kwa mvuke ongeza maji baridi yasiyo na klorini, usiongeze ya chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Muuzaji anayekwambia hayo hayana haja anataka tu pesa ziingie leo.

Pesa zenyewe anazitaka kwa namba ya mtu binafsi kabla boda boda hajatoka, na jina linalotokea M-Pesa silo analotumia kundini. Ukishatuma, anakufungia.

Kama tayari umeshanunua na bado wana uhai, usiwahamishe kwa ghafla. Punguza chumvi kwa kudondosha maji baridi tone kwa tone kwa saa kadhaa, kisha waache kwenye maji baridi moja kwa moja. Kama umelipa na mzigo haujafika, tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 sasa hivi uombe pesa zirudishwe, ingawa akishazitoa ni vigumu kuzipata. Namba yake iripoti kwa 333, na picha za mazungumzo msizifute.