Viti vya Ziada vya Kukunja Katika Gari la Familia: Mfumo wa Kutanguliza na wa Kuepuka

Magari mengi ya familia yanayouzwa kuwa ya watu saba ni magari ya watu watano yaliyoongezewa viti viwili nyuma, katika eneo lile lile ambalo siku nyingine hubeba mizigo. Viti hivyo vinapokunjwa ni lazima viende mahali fulani, na mahali hapo ndipo panapoamua karibu kila kitu kingine: jinsi abiria wa nyuma atakavyokaa, mzigo utakaoingia kwenye buti, na kama mtu mmoja aliye peke yake ataweza kuvikunja bila kuita msaada. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga mifumo ya kukunja kwanza, kisha unataja magari kama mifano tu, kwa kuwa gari la jina moja hubadilisha mfumo kutoka toleo hadi toleo.

Kabla ya kupanga chochote, kuna sharti moja lisilojadiliwa. Kila kiti cha safu ya tatu kiwe na mkanda wa usalama wa ncha tatu na egemeo la kichwa linaloinuka hadi kuzuia kisogo cha atakayekikalia. Kiti kisicho na vitu hivyo kisihesabiwe kuwa kiti, hata kama hati za gari zinakihesabu.

Chanzo cha tofauti zote ni sakafu. Chini ya sehemu ya nyuma ya gari kuna ekseli, bomba la moshi, mara nyingi tairi la akiba, na katika magari ya haibridi au ya umeme kunaweza kuwa na betri. Kiti kikikunjwa juu ya sakafu hiyo, unene wake huiinua sakafu ya buti. Mtengenezaji akitaka kuishusha, hulazimika kukifanya kiti kuwa chembamba au kukiweka chini sana, na hapo magoti ya abiria hupanda kuelekea kifuani. Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji chombo chochote: keti kwenye safu ya tatu, weka nyayo sakafuni, kisha pitisha kiganja kati ya paja na kitako cha kiti. Kiganja kikipita bila kugusa kitu, uzito wote wa mwili unabebwa na makalio peke yake, na mtu mzima hatastahimili safari ndefu akiwa hivyo. Kipimo hiki kina thamani kuliko takwimu zozote za urefu wa nafasi ya miguu, kwa sababu takwimu hizo hazionyeshi kimo cha kiti kutoka sakafuni.

Nafasi ya kwanza: kiti kinachozama katika shimo nyuma yake

Katika mfumo huu kuna shimo refu sakafuni kati ya safu ya tatu na mlango wa nyuma. Mgongo wa kiti hulazwa juu ya kitako, kisha kiti kizima hupinduka kuelekea nyuma na kuzama shimoni, na sakafu iliyobaki huwa tambarare. Honda iliutumia katika Odyssey tangu katikati ya miaka ya 1990, na leo unapatikana katika magari makubwa ya familia kama Toyota Sienna na Chrysler Pacifica.

Ninaupa nafasi ya kwanza kwa sababu hauwanyimi abiria wala mizigo. Kiti kinaweza kuwa kinene na kikakaa kwa kimo cha kawaida, kwa kuwa hakilazwi juu ya sakafu bali huenda chini yake; na viti vikiwa vimesimama, shimo lile lile hugeuka kuwa hazina ya mizigo. Masanduku husimama wima ndani yake na hayatelezi dereva anapokanyaga breki. Gari lenye watu saba na mizigo yao ya safari ndilo jaribio ambalo mifumo mingine mingi hushindwa, na huu hulipita.

Una gharama zake. Gari huwa refu, kwa hiyo linahitaji nafasi ya kutosha ya kuegesha. Tairi la akiba huhamishiwa kwingine, na katika baadhi ya magari huondolewa kabisa na nafasi yake kuchukuliwa na pampu na dawa ya kuziba pancha, jambo ambalo anayesafiri mbali na mafundi anapaswa kulifikiria kwa uzito. Zaidi ya hayo, shimo likiwa limejaa mizigo huwezi kuvikunja viti mpaka utoe kila kitu.

Nafasi ya pili: kiti kinacholala bapa sakafuni

Huu ndio mfumo utakaoukuta mara nyingi zaidi. Opel Zafira ya mwaka 1999 ndiyo iliyoufanya ujulikane sana Ulaya, na baadaye ukaenea katika Volkswagen Touran, Toyota Wish, Land Cruiser Prado 150 na magari mengi ya umbo la jeep yenye viti saba. Mgongo wa kiti hulala mbele, kitako hushuka au husogea, na buti hubaki tambarare. Kwa familia inayovihitaji viti hivyo mara chache, kwa mfano watoto wa jirani wanapopewa lifti kutoka shuleni, mfumo huu unatosha na unagharimu nafasi ndogo sana viti visipotumika.

Hata hivyo, ubora wake hutofautiana mno, na ni hapa mnunuzi anapaswa kuwa mkali. Kagua kama egemeo la kichwa hujikunja lenyewe au lazima ling'olewe, maana egemeo linalong'olewa hatimaye hupotea. Chagua viti vilivyogawanywa nusu kwa nusu, ili kimoja kisimame na kingine kilale kwa ajili ya mzigo mrefu. Uliza pia pazia la kufunika buti huwekwa wapi viti vinaposimama. Magari yaliyofikiriwa vizuri yana nafasi yake maalumu chini ya sakafu, na yasiyofikiriwa hukuachia fimbo ndefu ambayo huna pa kuiweka ukiwa safarini. Mwisho, simamisha viti vyote viwili kisha tazama kilichobaki kati ya mgongo wa kiti na mlango wa nyuma. Katika magari mengi hapo huingia mifuko michache ya sokoni na si zaidi.

Toyota Sienta ya 2003 na ya 2015 ni mfano wa pekee wa jamii hii. Viti vyake vya nyuma hupenya chini ya safu ya pili, na buti inayobaki ni ya chini na kubwa kuliko unavyotarajia kwa gari dogo kiasi hicho. Tatizo ni kwamba safu ya pili lazima ikunjwe kwanza ndipo viti vya nyuma vipite, kwa hiyo abiria wa kati hushuka kila mara.

Nafasi ya tatu: kiti kinachopandishwa ubavuni

Kiti hukunjwa, kikainuliwa na kufungwa kando ya dirisha. Wenye Toyota Noah, Nissan Serena, Mitsubishi Delica D:5, Fortuner au Land Cruiser 100 na 200 wanaufahamu vizuri. Sifa yake kubwa ni sakafu: hakuna kitu kilichofichwa chini, hivyo sakafu huwa ya chini, na kiti kinaweza kuwa na kitako kinene chenye kimo cha kustarehesha. Katika baadhi ya magari hayo mtu mzima hukaa nyuma vizuri kuliko katika magari mengi ya mfumo wa pili. Vitu virefu kwenda juu, kama baiskeli iliyosimama, huingia bila shida.

Unachopoteza ni upana. Viti viwili vinavyoning'inia hula sehemu kubwa ya buti kulia na kushoto, huziba madirisha ya nyuma na kupunguza uwezo wa dereva kuona anaporudi nyuma, na hugonga-gonga barabara inapokuwa mbaya. Kuviinua pia kunataka nguvu. Anayenunua gari la aina hii amwachie kazi hiyo mtu atakayeifanya kila siku, awe ni mama mjamzito au babu mwenye maumivu ya mgongo, aijaribu mwenyewe kabla ya malipo. Muuzaji aliyezoea hukipandisha kiti kwa pigo moja na kuifanya kazi ionekane nyepesi. Toyota ilipotoa Land Cruiser 300 mwaka 2021 iliuacha mfumo huu na kuhamia viti vya kulala sakafuni, na nadhani ilifanya vema.

Nafasi ya nne: kiti cha kung'oa

Dacia Jogger na Peugeot 5008 iliyoingia sokoni mwaka 2017 ni mifano inayofahamika. Kiti kimoja cha Jogger kina uzito wa takriban kilo 10, kwa hiyo mtu mzima mwenye afya hukibeba bila shida. Vikiwa vimetolewa unapata buti yote. Lakini kiti kilichobaki nyumbani hakimsaidii abiria aliyejitokeza njiani, na mahali pa kukihifadhi panatakiwa pawe pakavu na salama. Nunua mfumo huu iwapo ratiba yako inajulikana mapema.

Vya mwisho, na vya kukataa

Viti vya watoto vinavyotazama nyuma, vilivyowahi kuwekwa katika Volvo na Mercedes-Benz za buti ndefu, vinafaa watoto wa kimo na uzito uliotajwa katika kitabu cha gari tu. Kwa kuwa watoto hukua, viti hivi hukoma kutumika upesi, na miguu yao huwa karibu sana na mlango wa nyuma. Vile vinavyotazama ubavuni, vilivyokuwa katika baadhi ya Land Rover za zamani, ninashauri visinunuliwe kwa ajili ya kubeba watu. Katika mgongano wa mbele mwili husukumwa upande, na mkanda hauwezi kuuzuia inavyotakiwa. Umoja wa Ulaya ulivizuia katika magari mapya ya abiria mwaka 2007.

Njia ya kufika nyuma

Kiti kizuri kisichofikika hakina faida. Safu ya pili inapaswa kusogea na kuinama kwa kuvuta wenzo mmoja, na mlango unaofungukia njia hiyo uwe upande wa ukingo wa barabara, si upande magari yanakopita. Suala hili huwa gumu zaidi kiti cha mtoto mchanga kinapofungwa katika safu ya pili, kwa sababu katika magari mengi upande huo hauwezi tena kuinamishwa. Nenda na kiti cha mtoto ulicho nacho, kifunge, kisha jaribu kupita. Ukiona njia imezibwa, angalia kama viti vya safu ya pili vina uchochoro katikati. Gari la viti viwili vya kati vilivyoachana hupoteza nafasi ya mtu mmoja, lakini kwa familia yenye watoto wadogo ninaona badiliko hilo linafaa.

Usidhani pia kwamba safu ya tatu ina ndoano za ISOFIX (za kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye gari), maana magari mengi hayana. Mtoto mkubwa anayetumia kiti cha kuinulia hukaa nyuma kwa mkanda wa ncha tatu bila tatizo. Kwa kiti cha mtoto chenye mguu wa kutegemeza unaoshuka hadi sakafuni, soma kitabu cha gari kwanza, kwa sababu mguu huo haupaswi kusimama juu ya kifuniko cha shimo la kuhifadhia vitu isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Thibitisha vilevile kwamba mifuko ya hewa ya pembeni inafika hadi safu ya tatu na kwamba kuna tundu la hewa baridi huko, kwani madirisha ya nyuma mara nyingi hayafunguki.

Uzito husahauliwa na wengi. Gari lenye uwezo wa kubeba kilo 550, likipakia watu saba wenye wastani wa kilo 70, huwa limeshabeba kilo 490, na mizigo yote ya safari inabakiwa na kilo 60 tu, zikiwemo zilizo juu ya paa. Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva kwa kawaida huonyesha upepo wa matairi unaotakiwa gari likijaa, na mara nyingi ule wa matairi ya nyuma huwa juu kuliko wa kila siku.

Ukinunua gari lililotumika

Kunja na kunjua kila kiti cha nyuma mara kadhaa, kwa mkono mmoja, huku mlango wa nyuma ukiwa wazi na mara nyingine ukiwa umefungwa. Kamba za kuvutia huchakaa pale zinapopita kwenye plastiki, nazo zikikatika kiti hubaki kimelala. Ndani ya makomeo hujaa mchanga, sarafu na makombo, na komeo lililojaa uchafu huweza kuonekana limefunga kumbe halijashika. Kwa hiyo baada ya kusimamisha mgongo wa kiti, ushike kwa juu na uutikise kwa nguvu, na kama gari lina alama nyekundu ya tahadhari kwenye komeo, hakikisha imejificha kabisa. Vuta kila mkanda hadi mwisho wake, uuachie urudi, kisha uuvute kwa ghafla ili uone kama unakaza. Inua zulia la shimo au la sakafu na uguse chini yake, kwani unyevu au kutu hapo ni dalili ya mpira wa mlango unaovuja au ya gari lililowahi kuingiwa na maji. Hesabu maegemeo ya kichwa; yakipungua, mtake muuzaji ayalete kabla hujalipa, kwa sababu kuyapata ya toleo na rangi ile ile baadaye ni kazi ngumu.