WEAP na mpango wa maji wa jiji linalokua: inapofaa na inapopotosha

WEAP (Water Evaluation And Planning) ni programu ya kompyuta ya taasisi ya utafiti ya Stockholm Environment Institute, na kazi yake ni kupima kama mito, mabwawa na visima vitatosha watu watakaokuwepo miaka 20 au 30 ijayo. Ilianza kutengenezwa mwaka 1988, na bonde la Bahari ya Aral lilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Inatumia Windows. Taasisi za serikali, vyuo na mashirika yasiyo ya faida katika nchi zinazoendelea hupewa leseni bure. Toleo la majaribio halihifadhi kazi, kwa hiyo ni la kujifunzia tu.

Tunaipendekeza, na si kwa sababu ya michoro yake. Thamani yake ni kumlazimisha mpangaji aandike waziwazi yale ambayo mipango mingi huyafunika ndani ya jumla moja: nani anapata maji kwanza, kiasi gani kinapotea, na kinapotelea wapi.

Kazi huanza kwenye ramani. Unachora mto, unaweka bwawa, visima, mtambo wa majitaka na maeneo ya mahitaji, kisha unaviunganisha. Baada ya hapo unajaza mwaka wa msingi, ambao programu inauita Current Accounts. Kila makadirio ya mbele hurithi takwimu za mwaka huo, hivyo kosa la hapa linasafiri nawe hadi mwisho wa mpango.

Chukua jiji la wakazi milioni 2 wanaotumia lita 100 kwa mtu kwa siku. Hizo ni mita za ujazo milioni 73 kwa mwaka. Likikua kwa asilimia 4, baada ya miaka 25 mahitaji yanafika takriban milioni 195. Kwa asilimia 3 yanaishia milioni 153. Asilimia moja tu imeleta tofauti ya milioni 42. Usiendeshe makadirio ya kasi moja ya ukuaji; endesha angalau matatu. Na kama mji uko kwenye mgawo wa maji, usichukue matumizi ya sasa kuwa ndiyo mahitaji. Watu hutumia kidogo kwa sababu bomba ni kavu, na mahitaji yaliyobanwa yatafumuka mara chanzo kipya kikifunguliwa.

Kwenye upotevu ndipo wengi huanguka. Programu haiongezi asilimia ya upotevu juu ya mahitaji. Inagawanya mahitaji kwa sehemu inayofika. Upotevu wa asilimia 35 unageuza ile milioni 195 kuwa milioni 300. Anayeongeza asilimia 35 kwa mkono anapata milioni 263 na kujinyima milioni 37. Ukishusha upotevu hadi asilimia 20, unahitaji milioni 244, yaani umeokoa milioni 56 kila mwaka bila kujenga bwawa. Lakini angalia: upotevu una sehemu mbili za kuandikwa, kwenye eneo la mahitaji na kwenye bomba linalolilisha. Asilimia 35 ileile ikiwekwa pande zote mbili, hesabu inaruka hadi milioni 462, na programu haitakuonya.

Tena, si kila maji yasiyolipiwa yamevuja. Yanayopita kwenye mita mbovu au maunganisho ya wizi yanatumiwa na watu, kwa hiyo yahesabiwe kwenye matumizi. Kubadilisha mita kunaleta mapato. Kuziba mabomba ndiko kunakorudisha maji. Mpango unaochanganya haya mawili huahidi maji ambayo hayatapatikana.

Vipaumbele huandikwa kuanzia 1, kilicho juu kabisa, hadi 99. Wenye namba sawa hugawana upungufu kwa uwiano. Kujaza bwawa huwa kwenye 99 usipobadilisha, maana yake kila mtu hunywa kwanza na bwawa hubakiziwa masalia. Mto nao upewe kiwango cha chini cha mtiririko na namba yake, la sivyo hesabu itaukausha kwa utulivu kabisa na kuonyesha kuwa jiji limetosheka. Visima tungeviweka chaguo la pili baada ya bwawa, vikiwa na ukomo wa kuvuta kwa mwezi, ili viwe akiba ya kiangazi na si mazoea ya kila siku.

Bwawa linataka uangalifu zaidi. Bila jedwali linalounganisha ujazo na kimo cha maji, uvukizi hauhesabiki ipasavyo. Ujazo usiuache uleule kwa miaka 25, kwa maana mashapo yanaula mwaka hadi mwaka. Na kwa kuwa programu kwa kawaida hupiga hesabu ya mwezi mmoja mmoja bila kuona mbele, itamwaga maji leo kana kwamba mvua ya msimu ujao ni ya uhakika. Dawa yake ni ukanda wa tahadhari, yaani sehemu ya bwawa ambayo maji yake hutolewa kwa kubana, wenye kipimo kati ya 0 na 1 kinachosema ni sehemu gani ya maji hayo inaruhusiwa kutoka kila mwezi. Kikiwa 1, ukanda upo kwa jina tu, maji yote yanaruhusiwa kutoka. Anza na 0.3, kisha uone upungufu unavyosambaa.

Katika kukadiria maji ya mto ya miaka ijayo, njia ya kupanga miaka kuwa mikavu, ya kawaida au yenye mvua ni ya haraka ila inalainisha ukame. Weka faili la CSV (jedwali la takwimu lililohifadhiwa kama maandishi) lenye mtiririko wa kila mwezi wa miaka 30 au zaidi, na hakikisha lina miaka mikavu iliyofuatana. Cape Town ilifikishwa kwenye lita 50 kwa mtu kwa siku mwaka 2018 na ukame wa miaka mitatu mfululizo, si wa mmoja. Kabla ya kuamini makadirio yoyote, linganisha kimo cha bwawa kilichokokotolewa na kilichopimwa. Visipofuatana, rudi kwenye uvukizi na upotevu kwanza.

Usiitumie kuchagua kipenyo cha bomba. Hesabu ya mwezi haioni saa ya asubuhi ambapo bomba zote zimefunguliwa, wala haijui presha. Kazi hiyo ni ya EPANET, programu ya kukokotoa mitandao ya mabomba, nayo ni ya bure.