Petaling au Jonker?

Ukiwa Malaysia na siku moja tu ya kutembea mtaa wa kale wa Wachina, utachagua kati ya Petaling, Kuala Lumpur, na Jonker, Melaka.

Petaling ulizaliwa na migodi ya bati. Yap Ah Loy, Kapitan (yaani kiongozi) wa Wachina, alikuwa na kiwanda cha unga wa muhogo hapo, na wasemao Kikantoni bado huuita mtaa huo kwa jina la kiwanda. (Naam, muhogo wetu huuhuu!) Mwaka 1881 moto uliteketeza mji, kisha mafuriko yakamalizia, ndipo nyumba za mbao na makuti zikaacha nafasi kwa matofali na vigae. Leo mtaa umefunikwa paa, na chini yake mikoba na saa za bandia zimejaa tele. Usipojua kupunguza bei, utalia.

Jonker una umri mkubwa zaidi. Waholanzi waliitwaa Melaka kutoka kwa Wareno mwaka 1641, na jina lenyewe ni la Kiholanzi. Jina rasmi sasa ni Jalan Hang Jebat, ingawa wengi hushikilia la zamani. Humo na mitaa jirani waliishi watu waitwao Baba na Nyonya, kizazi cha Wachina waliooana na wenyeji. Nyumba zao ni nyembamba mbele, ndefu ajabu kwenda nyuma. UNESCO iliuorodhesha mji kuwa urithi wa dunia mwaka 2008. Mwishoni mwa juma soko la usiku hujaa hadi hupumui.

Kwa historia, mimi ningepanda basi la Melaka. Kwa tumbo, ningebaki Petaling.