Mto chini ya goti: mazoezi ya kigutu niliyolipia hapa mjini

Kituo chenyewe kiko hapa hapa mjini Unguja, sikitaji. Nimekatwa mguu chini ya goti, na kila nikipanda kitandani kwao yule kijana wa mazoezi hunichomekea mto chini ya goti. Nikautoa, akaurudisha. Nikamwambia, "Mwanangu, goti litakakamaa hili." Akanijibu mbele za watu: "Mzee, mgonjwa hapa nani, mie au wewe?"

Mto ule ndio unaoharibu kazi yote. Goti likikaa limekunjika, misuli ya nyuma ya paja hufupika, na ikishafupika goti hunyooka kwa shida. Mguu wa bandia ukija, haukai sawa. Unatembea kwa kuchechemea, na mgongo ndio unaolipa.

Kinachotakiwa hakina gharama. Unalala kifudifudi juu ya mkeka dakika 15 hadi 20, mara 2 au 3 kwa siku, nyonga zote mbili zimegusa chini, uso umeugeuzia upande wa mguu mzima. Tumboni usiweke kitu. Ukikaa kitini, kigutu kisining'inie: kalia ubao uliotokeza mbele, ukilaze juu yake goti limenyooka. Taulo la kuviringisha nalo lina pahala pake, chini ya ncha ya kigutu. Unakandamiza goti kwa chini, unahesabu mpaka 5, unaachia, mara 10, kisha taulo linaondoka. Halibaki pale ukalala nalo!

Bendeji ndiyo usiseme. Walikuwa wakiizungusha duara duara, juu wamekaza, chini imelegea. Maji yanakwama nchani na kigutu kinavimba kama balungi. Bendeji hupitishwa mshazari, kama namba 8, inakaza nchani na kulegea kadiri inavyopanda, na hufungwa upya kila baada ya saa 4 hadi 6.

Lakini nisiwadhulumu. Vyuma vyao viwili vya kushikilia ni imara, na kuna binti msaidizi anayejua kazi. Aliweka mizani mbili za kupimia uzito sakafuni, mguu mzima huku, wa bandia huku, akataka namba zikaribiane kabla ya hatua hata moja. Alinilaza ubavu wa mguu mzima nikawa nanyanyua kigutu juu bila paja kuja mbele, maana misuli ya ubavu wa nyonga ikiwa dhaifu kiwiliwili huyumba kila unapokanyaga. Kwa binti yule nilikuwa tayari kuwasifu, walahi.

Kisha nikakumbuka kwamba hapana hata siku moja kijana yule alipouvua mguu wa bandia akatazama ngozi. Mguu mpya huvaliwa dakika 15 tu, ukavuliwa. Wekundu usipoondoka kwa dakika 10 hivi, pale panabana, harudishi mtu mguu mpaka utengenezwe. Na wengi wanaokwenda pale wana kisukari, wengine hawasikii hata maumivu. Kidonda kikishaingia, mazoezi yote yanasimama.

Kama huna kwengine, nenda, umtake yule binti. Ila hapana, mie simpeleki mtu wangu. Kikao cha mwisho nimekilipia kizima, na nusu yake goti lilikuwa juu ya mto.